Kuweka kihisi cha mwani wenye sumu kwenye lambo, bwawa au ziwa: mwongozo kutoka Nyanda za Juu Kusini

Kifaa ninachokitumia kuliko vyote katika kazi hii ni mswaki wa mtoto. Ule mdogo, wenye nywele laini, unaouzwa dukani kwa Mangi. Kompyuta naitoa kwenye mkoba mara moja kwa wiki, bisibisi mara mbili, mswaki kila ninapofika majini. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayenipigia simu Mbeya kuulizia vihisi vya maji huanza na bei, nami humjibu kwa swali: nani atakiosha? Akikaa kimya, namshauri asinunue kwanza.

Mwongozo huu ni wa kamati ya maji ya kijiji, BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni), mfugaji wa samaki, au fundi aliyeombwa kufunga chombo kinachokaa ndani ya maji usiku na mchana na kutoa taarifa mwani unapoanza kuzaana. Kama unajua kuunganisha sola na betri, nusu ya kazi unaijua tayari.

Tunachokitafuta

Watu wanasema mwani, na mimi nitaendelea kusema hivyo, ila wahusika hasa ni bakteria: sianobakteria, viumbe wadogo wanaojitengenezea chakula kwa jua kama mmea. Wapo karibu kila penye maji. Shida huanza maji yakipata joto, yakatulia, yakajaa rutuba: samadi ya malishoni, mbolea iliyosombwa kutoka mashamba ya mahindi, kinyesi cha kuku kilichomwagwa kwa wingi kwenye bwawa la samaki. Hapo huzaana mpaka lambo linaonekana kama mtu amemwaga kopo la rangi ya kijani. Asubuhi limetanda ukingoni, mchana upepo ukiamka limehama. Baadhi ya Microcystis na Dolichospermum, jamii mbili za sianobakteria, hutengeneza sumu, na inayojulikana zaidi ni maikrosistini, inayoshambulia ini.

Si hadithi za kutishana. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walikufa baada ya maji yenye sumu hii kutumika kusafishia damu yao. Agosti 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, karibu watu nusu milioni, walikatazwa maji ya bomba kwa takriban siku tatu kwa sababu ya mwani wa Ziwa Erie. Mwaka 2020 Botswana ilipoteza tembo zaidi ya 300, na serikali yake ikasema chanzo ni sumu ya sianobakteria kwenye mabwawa waliyokunywa.

Na hapa mazoea yetu yanatuangusha. Tumefundishwa kuchemsha, na ni kweli kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara. Maikrosistini haijali moto wa jiko. Maji yakipungua sufuriani, sumu yote inabaki kwenye maji machache zaidi. Ndiyo maana inafaa kujua mapema, kabla ndoo haijafika nyumbani.

Vyombo vya wenye fedha, na chetu

Wataalamu wa bahari walianza zamani. Taasisi ya MBARI huko Monterey Bay, California, ilitengeneza maabara nzima ndani ya pipa: inazamishwa, inachota maji yenyewe, inachuja, inapasua seli, kisha inatafuta chembe za urithi za mwani mbaya na sumu yake, halafu inatuma majibu nchi kavu bila mtu kulowa. Chombo cha jamii hiyo kiliwekwa baadaye Ziwa Erie kupima maikrosistini. Kingine, kilichobuniwa kwenye taasisi ya bahari ya Woods Hole, Marekani, hupiga picha kila chembe inayopita mbele ya lenzi yake. Mwaka 2008 huko Port Aransas, Texas, picha hizo zilionyesha Dinophysis, mwani wa baharini wenye sumu, ikiongezeka, na uvunaji wa chaza ukasimamishwa kabla ya tamasha la kula chaza.

Vizuri sana, ila bei yake hutaiweza kwa michango ya kijiji. Chetu ni kidogo, urefu wa mkono kuanzia kiwiko. Hakitafuti sumu wala chembe za urithi. Kinamulika maji na kuangalia kinachong'aa.

Umewahi kuona noti ikikaguliwa benki chini ya taa ya zambarau, alama zilizofichika zikatokea kwa rangi nyingine? Ndivyo hivyo hivyo. Klorofili, ile rangi ya kijani iliyo ndani ya kila mwani, ukiipiga mwanga wa bluu hurudisha mwekundu. Sianobakteria wa maji yasiyo na chumvi wana rangi ya ziada, fikosianini, inayoitikia mwanga wa chungwa. Kihisi kinawasha taa mbili kwa zamu na kuhesabu kinachorudi. Klorofili inakwambia mwani upo kiasi gani. Fikosianini inakwambia kiasi gani cha huo mwani ni wale tunaowashuku. Ukiwa na fedha ya kihisi cha rangi moja tu, chukua cha fikosianini, na hata hicho kitakugharimu zaidi ya bodaboda mpya.

Hatua ya kwanza: yajue maji yako kabla ya kutoa hela

Tumia mwezi mzima bila kihisi. Kata sahani ya bati au plastiki ngumu yenye upana wa sentimita 20, igawe robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupishana, funga uzito chini na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Izamishe upande wa kivuli cha mtumbwi mpaka ipotee machoni, andika kina. Ziwa Nyasa likitulia sahani inaweza kupita mita 10 bado unaiona. Kwenye lambo la Isimani baada ya mvua, hata sentimita 20 ni nyingi. Namba hiyo moja inakwambia mengi kuhusu kihisi kitakavyoteseka.

Pima joto la maji asubuhi na alasiri. Mwani huu unapenda joto, nyuzi 25 na kuendelea ndiyo starehe yake. Kwa hiyo simhimizi mfugaji wa samaki wa Njombe au Uporoto akimbilie chombo hiki, baridi inamlinda sehemu kubwa ya mwaka. Mtera, Isimani, bonde la Usangu, Kyela: huko ndiko.

Nami sishauri kuanzia katikati ya Ziwa Nyasa hata kidogo. Lina kina kinachofika mita 700 hivi, na chini ya mita 250 hivi hakuna hewa wala samaki. Maji yake ya juu ni safi, namba za kihisi zinakuwa ndogo kiasi kwamba anayeanza hawezi kutofautisha mwani na uchafu wa lenzi. Anza kwenye lambo, ujifunze kukosea pale. Ziwani utafika.

Halafu kaa na watu. Mchungaji anajua ni pembe ipi ng'ombe wanakataa kunywa. Mama anayechota maji anajua mwezi ambao maji yananuka udongo. Kibali kinaanzia serikali ya kijiji, kisha bodi ya maji ya bonde: kwa Isimani na Mtera ni Bonde la Rufiji, ofisi Iringa mjini, kwa Kyela na Matema ni Bonde la Ziwa Nyasa, Tukuyu, kwa yanayoelekea Rukwa, ofisi ipo Mbeya. Ukifanya kazi ziwani pita pia TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kituo cha Kyela. Boya lisilojulikana ni la nani huishia kuwa la yeyote.

Hatua ya pili: sifuri kwanza

Kihisi kipya huja na cheti cha kiwandani. Kiweke cheti kwenye faili, lakini sifuri uitafute mwenyewe. Nunua maji ya betri (yale safi yasiyo na asidi, soma lebo mara mbili), lita tano zinatosha. Ndoo iwe nyeusi, maana nyeupe hurudisha mwanga na kukudanganya. Zamisha kihisi, lenzi isikaribie ukuta wa ndoo wala sakafu yake, subiri namba itulie. Hiyo ndiyo sifuri yako. Andika na joto la maji, kwa sababu mng'ao hupungua maji yakipata moto, na ukilinganisha sifuri ya asubuhi ya Mbeya mwezi wa sita na ya mchana wa Kyela utajichanganya.

Kuna rangi iitwayo rodamini inayotumika kutoa namba ya pili inayojulikana. Ukiipata kwa aliyekuuzia kihisi, tumia kwa kipimo alichokuandikia. Ni rangi kali, tone moja linapaka shati zima pinki.

Mara ya kwanza kabisa namba ziliruka ruka kama mahindi ya bisi. Nikafungua kebo, nikasafisha plagi, nikabadili betri, nikampigia muuzaji na kumlaumu. Saa mbili zikapita. Kijana niliyekuwa naye akachungulia ndani ya ndoo akasema, "Kaka, kuna povu hapo." Kiputo kimoja cha hewa, kama punje ya mtama, kimekaa juu ya lenzi. Tangu siku ile nazamisha kihisi kikiwa kimelala, nakizungusha polepole, ndipo nakisimamisha.

Hatua ya tatu: mahali na kufunga

Sianobakteria wana vifuko vidogo vya hewa ndani ya seli, wanapanda na kushuka. Siku tulivu wapo juu, upepo ukivuma wanachanganyika chini. Kina cha nusu mita hadi mita moja ndicho hunasa hali zote mbili. Usiweke juu kabisa, jua litakusumbua na mbuzi watakula kebo.

Kihisi kining'inie kutoka kitu kinachoelea. Usikifunge kwenye nguzo, hata kama nguzo ipo tayari na imara. Bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980, linaruhusiwa kucheza kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, yaani tofauti ya mita nane na nusu kati ya bwawa lililojaa na lililopungua hadi chini. Malambo hayana vipimo hivyo lakini tabia ni ile ile. Kuna lambo tulifunga kwenye nguzo mwezi wa tano, pazuri, kina mita moja. Kufika Oktoba kihisi kilikuwa kinaning'inia hewani, kimekauka, kikituma kila saa taarifa za maji safi kuliko ya chupa. Ng'ombe walikuwa wanakunywa uji wa kijani mita tatu kutoka pale.

Boya la bei nafuu: madumu mawili ya lita 20 yenye vifuniko vilivyofungwa kwa gundi ya silikoni, yafungwe kwenye fremu ya bomba la plastiki, kihisi katikati kikielekea chini. Kebo ipite ndani ya mpira wa kumwagilia ili isikatwe. Nanga ni mfuko wa kokoto au chuma chakavu, na kamba iwe mara mbili ya kina cha maji ya masika, si ya siku uliyofunga. Kila plagi ya chini ya maji pake girisi ya silikoni kwenye oringi (mpira wa duara unaozuia maji) kabla ya kukaza. Oringi kavu inakatika, na maji yakishaingia hakuna fundi.

Upande gani wa bwawa? Kama lengo ni kulinda mahali watu wanachota au mifugo inakunywa, weka hapo hapo. Kama lengo ni kupata onyo la mapema, weka upande unaopelekewa taka na upepo. Tupa majani makavu majini saa nne asubuhi na saa kumi jioni, uangalie yanaishia wapi. Siku tatu za majani zinatosha.

Matema ilinifundisha hili kwa njia nyingine. Nilikuwa nimechagua karibu na Lufilyo unapoingia ziwani, nikidhani mto ndio unaoleta rutuba kwa hiyo mwani utaanzia hapo. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye mtumbwi wake akishona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hicho kitaa chako kinaita usipa au kinawafukuza?"

Nikamweleza kwamba mwanga wake ni mdogo, si kama taa zao za kuvulia dagaa hao usiku wa giza. Akatikisa kichwa, akanyosha sindano ya wavu kuelekea mdomo wa mto. "Pale utapima tope. Mvua ya mwezi wa nne ikija na hilo dumu lako litakwenda nalo. Mwera ukivuma, vitu vyote vinakuja huku." Akaonyesha mchanga aliokaa. Nilibisha kimoyomoyo wiki mbili, kisha nikahamisha boya. Tope lilikuwa linazuia mwanga na kurudisha mwingine, namba zikipanda mvua ikinyesha Rungwe na kushuka ikikatika, mwani haumo hata mmoja.

Ukienda mashariki kuelekea Ikombe kwa Wakisi, milima ya Livingstone inatumbukia moja kwa moja majini. Hatua chache kutoka ufukweni kamba yako ya mita 20 haifiki chini. Baki upande wa mchanga. Kaa pia nje ya njia ya nyavu za kuvuta, na ubandike tepu ya kung'aa kwenye madumu, wavuvi wa usipa wanatoka usiku usio na mwezi.

Umeme ni suala fupi. Sola ya wati 20 na betri ya volti 12 vinaendesha kihisi na kisanduku cha kutumia laini ya simu ukisoma kila nusu saa. Kwa Rungwe na Kyela, ambako mawingu hukaa siku nyingi, nunua sola kubwa zaidi badala ya betri kubwa zaidi. Bando la data linalohitajika ni dogo mno. Kinachokwamisha ni laini kufungiwa kwa kukaa bila salio, kwa hiyo mtu mmoja awe na kazi ya kuweka vocha.

Hatua ya nne: kuosha

Hapa ndipo miradi inapokufa, na haifi kwa kishindo. Inakufa kwa utando mwembamba usioonekana kwa macho.

Kitu chochote unachozamisha kwenye maji ya joto kinaanza kuota siku ile ile. Kwanza ute, halafu mwani wenyewe, halafu konokono wadogo na mayai ya wadudu. Mwani ulioota juu ya lenzi unang'aa vizuri kabisa, na kihisi hakijui kama upo mbele ya lenzi au umegandia juu yake. Utaona namba zikipanda taratibu, kidogo kila siku, mstari mzuri kama mtoto anayekua. Mwani halisi hauendi hivyo. Unapanda, unashuka, unaruka. Ukiona mstari ulionyooka unapanda wiki nzima, chukua mswaki kabla ya kumwita mwenyekiti.

Utaratibu wangu ni huu. Nafika na mtumbwi, siligusi boya dakika tano, nasubiri kihisi kisome maji bila tope la miguu yangu. Naandika namba ya "kabla". Nakiinua, nasugua lenzi kwa mswaki na maji ya lile lile bwawa, kwa mduara, bila kukandamiza, kisha kitambaa laini cha kufutia miwani. Nasafisha na mwili wake, maana uchafu wa pembeni hurudi kwenye lenzi baada ya siku mbili. Nakirudisha kikiwa kimelala ili kiputo kisinase, nasubiri, naandika namba ya "baada". Tofauti ya hizo mbili ndiyo uongo uliokusanyika tangu ziara iliyopita. Ikiwa ndogo na thabiti, punguza ziara. Ikiwa kubwa, ongeza. Kwenye lambo la joto ni kila wiki, Matema wiki mbili zinatosha msimu wa mwera.

Tepu ya shaba iliyozungushwa karibu na lenzi inachelewesha uotaji, wadudu hawaipendi. Kihisi chenye brashi yake ya kujifuta ni bora zaidi, kama mfuko unaruhusu, ingawa brashi nayo inaota ndevu na inahitaji kuoshwa. Usitumie sabuni ya unga, msasa, wala stili waya. Mlinzi mmoja, kwa nia njema kabisa, alinisaidia kusugua kihisi kama anavyosugua sufuria ya ugali. Lenzi ikawa kama kioo cha kioski kilichopigwa na mchanga. Kosa lilikuwa langu, sikumwachia mswaki.

Hatua ya tano: kuzisoma namba

Wiki nne hadi sita za mwanzo usimwamshe mtu. Unajifunza kawaida ya maji yako. Utakuta mchezo wa usiku na mchana: jua kali la saa sita linafanya klorofili ing'ae pungufu kuliko ilivyo, mwani unajilinda. Kwa hiyo mimi nalinganisha usiku na usiku, kati ya saa nne za usiku na saa kumi alfajiri, na nachukua namba ya katikati badala ya wastani ili samaki aliyepita mbele ya lenzi asiniharibie hesabu.

Tuseme usiku wa kawaida fikosianini yako inacheza kati ya 3 na 5. Ikifika 7 usiku mmoja ikarudi, ni upepo umeleta kidogo, andika tu. Ikifika 12, ikabaki juu usiku wa pili, na klorofili nayo imepanda, nenda na chupa. Ikipanda klorofili peke yake na fikosianini imekaa, huenda ni mwani wa kawaida. Kwenye Ziwa Nyasa hilo ni jambo la kila mwaka: mwera wa Mei hadi Agosti unachanganya maji na kupandisha rutuba kutoka chini, mwani wenye magamba ya kioo unaongezeka, na ndio chakula cha ziwa. Msimu wa kuangalia kwa jicho kali ni joto la Oktoba hadi Desemba, maji yakiwa yametulia.

Usichukue kiwango cha tahadhari cha bwawa la mwenzako. Namba hizi ni za mng'ao, si za sumu, na kila kihisi kina lahaja yake.

Hatua ya sita: chupa, kijiti na hadubini

Kihisi kinakwambia uende lini. Kuona ni kazi yako. Vaa glavu. Chukua kijiti, kichovye kwenye kijani: kikitoka na nyuzi ndefu kama nywele, huo mara nyingi ni mwani wa kawaida. Kikitoka kama kimechovywa kwenye rangi ya ukutani, shuku.

Jaza chupa angavu robo tatu, ifunge, iweke mahali pa baridi pasipo jua, iache ilale. Asubuhi, kijani kikiwa kimepanda na kutengeneza pete juu, ni wale wenye vifuko vya hewa. Kikiwa kimezama chini, pumua kidogo. Usiitikise kuangalia mapema, nimeona watu wakiharibu jaribio kwa kiherehere.

Chupa ya pili weka matone ya iodini ya Lugol mpaka maji yawe rangi ya chai ya rangi. Itahifadhi seli zisiharibike njiani. Hadubini ya shule ya sekondari inatosha. Microcystis inaonekana kama vumbi la nukta nyingi zilizokusanyika ndani ya ute, mawingu yasiyo na umbo. Dolichospermum ni shanga zilizotungwa, na hapa na pale shanga moja kubwa na angavu kuliko wenzake. Ukishaziona hizo shanga mara moja hutazisahau.

Hata hivyo jina si sumu. Microcystis mbili zinafanana kabisa chini ya lenzi, moja ina sumu nyingine haina. Hilo linajulikana kwa kipimo cha maabara au vijiti maalumu vya kupimia maikrosistini, na hapo ndipo namba za Shirika la Afya Duniani zina maana: maikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya maisha yote, 12 kwa muda mfupi, 24 kwa kuogelea. Mpaka majibu yarudi, fanya kama ipo.

Na jambo moja ambalo huulizwa kila kikao: hapana, kihisi hiki hakioni kipindupindu. Bakteria huyo hana rangi hizi. Maji yanaweza kuwa na fikosianini sifuri na bado yakakulaza hospitali.

Siku namba zikipanda

Ujumbe wa kwanza uende kwa watu wasiozidi watano: mwenyekiti, mtendaji, mwakilishi wa wafugaji, wa wachota maji, na afisa wa bonde. Uwe mfupi. Mimi huandika hivi: "Lambo: kijani kimeongezeka usiku 2 mfululizo, chupa imeelea. Mifugo inywe upande wa mashariki kuanzia leo. Watoto wasioge. Maji ya kunywa kisimani. Tutapima tena Alhamisi." Upande utaubadilisha kufuata upepo wa wiki hiyo. Acha maneno "sumu imethibitishwa" mpaka ithibitishwe, ukiyatumia bure mara mbili, ya tatu hakuna atakayekusikia.

Samaki waliovuliwa humo watolewe matumbo na maini vizuri, visipewe mbwa. Mtu asimwage mrututu. Unaua mwani kweli, na seli zikipasuka sumu yote inamwagika majini kwa mpigo, maji yakionekana masafi. Kwenye bwawa la samaki simamisha mbolea na punguza chakula, halafu amka saa kumi na moja alfajiri ukaangalie. Mwani wote unavuta hewa usiku, na samaki wakiwa juu wamefungua midomo, ingiza maji mapya hapo hapo, hata kwa ndoo, usisubiri jua.

Masika yakija na maji yakawa tope tupu, toa kihisi. Kioshe, kifute, funika lenzi kwa kofia yake, kihifadhi ndani ya boksi mbali na jua na mbali na panya, ambao wanapenda kebo kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuwaona wakila. Betri ichajiwe kila mwezi. Daftari libaki kwa anayeosha.